Mibonyezo ya Alhamisi

Barua iliyomwita Rhoda mwizi ilikuwa na adabu zote. Ilianza kwa salamu, ikamshukuru kwa ushirikiano wake mzuri, halafu katika aya ya pili, kwa Kiingereza kilichonyooka, ikamwambia kwamba matangazo yaliyomo kwenye programu yake yanabonyezwa na watu wasio na nia ya kununua chochote, na kwamba huo ni udanganyifu. Alipewa siku saba. Ndani ya siku hizo mchezo huo ukome, naye aeleze kwa maandishi ni nani waliokuwa wakiucheza. La sivyo akaunti yake ingefungwa, na mapato ya miezi mitatu yangerudishwa kwa wenyewe.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke. Ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga Manundu, Korogwe: meza mbili, kompyuta mbili, feni moja inayolalamika, na nje bango la GULIO LETU, PROGRAMU ZA SIMU NA MATANGAZO. Majirani walipaita "kwa wale wa simu", na haikupita wiki bila mtu kuleta simu iliyopasuka kioo. Rhoda alikuwa akiwaelekeza kwa fundi wa barabarani, nao wakiondoka wakinung'unika kuwa kampuni gani hii isiyojua hata kubadilisha kioo.

Programu yenyewe ilikuwa moja tu, na haikuwa na mbwembwe. Mtu akiifungua anakuta bei za mazao kwenye magulio ya Korogwe na Handeni, saa za mabasi, habari za misiba, na mbuzi waliopotea. Hakuna aliyelipia kuitumia. Riziki ilitoka chini ya ukurasa, ambako kampuni moja ya nje ilipachika matangazo yake. Mtu akibonyeza tangazo, mwenye tangazo analipa, na kijisehemu cha malipo hayo kinashuka mpaka Manundu. Kwa vijisehemu hivyo Rhoda alilipa kodi, umeme, ada ya mwanawe Yordani, na posho ya Mustafa anayemkusanyia bei za Handeni. Kwa vijisehemu hivyo pia aliacha kazi ya ualimu serikalini, na mpaka leo kuna shangazi zake wanaoamini alirogwa.

"Ni nani huyo anayebonyeza?" aliuliza Enock, mumewe, akisoma barua juu ya bega lake. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka sokoni Korogwe kuchukua bei.

"Ningemjua ningekuwa nimeshamfuata."

"Si uzime tu hayo matangazo?"

"Ukifunga duka, mwizi haibi. Lakini na wewe huuzi."

Rhoda alikuwa mtu wa kujiamini, na kujiamini kuna ubaya wake: humfanya mtu apate jibu kabla hajauliza swali. Alichukua simu akampigia Mustafa, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliyekuwa karani wa mnada wa ng'ombe kabla ya kuajiriwa na Gulio Letu.

"Mustafa, niambie ukweli, sitakasirika. Umewahi kuyabonyeza matangazo yetu? Labda kwa nia ya kutusaidia?"

Upande wa pili ng'ombe alilia.

"Dada Rhoda," Mustafa alisema taratibu, "mimi nikitaka kuiba, hapa mnadani nimezungukwa na ng'ombe. Siwezi kuanza kuiba kwa kidole." Akakata simu. Siku ile bei za Handeni zilikuja kama kawaida, lakini hazikuja na salamu.

*

Jumanne Rhoda alishinda na takwimu. Mibonyezo ya Korogwe mjini ilikuwa ya kawaida. Ya Handeni ilikuwa ya kawaida, na hapo aibu ikaanza kumtambaa shingoni. Halafu akafika Mpale, huko milimani, ambako watumiaji wao walikuwa wa kuhesabika. Siku sita za wiki Mpale walikuwa kimya. Siku ya saba walibonyeza mara mia tatu na kumi. Wiki iliyotangulia, mia tatu na kumi. Wiki ya kabla yake, vilevile.

"Alhamisi," Rhoda alisema. "Kila Alhamisi, kuanzia saa tisa alasiri. Wiki kumi na moja mfululizo. Enock, Mpale kuna nini Alhamisi saa tisa?"

Enock alikuwa akiutazama ukuta kwa makini ambayo ule ukuta haukustahili.

"Enock."

"Kikundi cha akina mama," alisema. "Kile cha mama."

Kikulacho ki nguoni mwako. Ikabidi Enock aeleze yote. Krismasi, walipokwenda kumwona mama yake, Filomena, bibi mmoja alimuuliza mbele ya watu kama mkwe wake aliyeacha ualimu sasa ni mama wa nyumbani. Filomena aliumia. Usiku ule alimkalisha Enock jikoni, akamtaka amweleze neno kwa neno jinsi hiyo kampuni inavyopata hela. Naye Enock, kwa fahari na kwa pombe kidogo, alimweleza kwa kifupi: mtu akibonyeza tangazo, sisi tunapata.

"Ukaishia hapo?"

"Nikaishia hapo."

"Hukumwambia kwamba haruhusiwi kubonyeza bila nia?"

"Rhoda, ni mama yangu. Ningemwambiaje kwamba kuna namna ya kumsaidia mtu ambayo ni kosa?"

*

Jumatano walimwacha Yordani kwa jirani, wakapanda bodaboda mbili mpaka Mpale. Njiani Rhoda aliyapanga maneno. Huyu alikuwa mwanamke aliyewahi kubishana na meneja wa benki mpaka akaletewa kiti na soda. Hakuona kwa nini ashindwe na mama mkwe mmoja. Atasema kwa upole, atasema kwa ufupi, atasema kabla ya chakula.

Filomena aliwapokea uwanjani, mikono imejaa maganda ya maharage, akawasalimia kwanza kwa Kishambaa kisha kwa Kiswahili, kwa kuwa Rhoda alitoka upande wa Wazigua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Yordani. Karibu mkurugenzi. Mmejuaje kama nilitaka kuwaita? Kesho ndiyo siku yenyewe."

"Siku ya nini, mama?"

Filomena alicheka kama mtu anayeficha zawadi nyuma ya mgongo, akaingia ndani, akatoka na daftari la kurasa mia mbili lililofunikwa kwa gazeti. Alilifungua mapajani. Kulikuwa na majina thelathini na moja, kila jina na mstari wake, na mbele ya kila jina makumi yamepangwa wiki baada ya wiki. Kumi, kumi, kumi. Mwandiko ulikuwa wa Shadya, jirani yake, katibu wa kikundi.

"Tulikuwa tukuambie tukimaliza wiki ya kumi na mbili," alisema Filomena. "Mnachangiwa harusi, mnachangiwa msiba, kwa nini kampuni isichangiwe? Haba na haba hujaza kibaba. Wenye simu za tachi wanabonyeza kumi zao, wasio nazo wanaazima. Asiyefika tunamtoza faini, kopo moja la maharage. Juma lililopita Yusta alikuwa na homa, akamtuma binti yake aje kubonyeza kwa niaba."

"Na bando?" Rhoda aliuliza, kwa sauti ambayo hakuitambua.

"Kila mtu ananunua lake. La mia tano. Usitusikitikie, mwanangu, ni mchango."

Rhoda alipiga hesabu bila kupenda. Laki moja na sabini walikuwa wametoa wanawake wale kwa ajili ya bando, watu ambao sabuni wanaigawa nusu. Maneno yake yote aliyoyapanga njiani yalimkauka. Alifunga daftari, akalirudisha kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama." Enock alishusha pumzi kwa nguvu hata kuku wakageuka. Chakula kikaletwa, wakala.

Usiku kitandani Enock alinong'ona, "Tumwambie wiki ijayo. Kwenye barua waandikie ni wadukuzi. Nani atajua?"

"Kesho watabonyeza mia tatu na kumi nyingine. Hiyo kampuni itaiona."

"Ukimwambia mbele ya wenzake utamuua."

"Na nisipomwambia?" Mficha uchi hazai, Rhoda aliwaza, lakini ilikuwa rahisi kuwaza hivyo gizani, uso wa Filomena ukiwa hauonekani.

*

Mtandao wa Mpale ulikamata vizuri sehemu moja tu, mwinuko wa nyuma ya ghala la mazao, na ndiko kikundi kilikohamia tangu mchango uanze. Alhamisi kabla ya saa tisa mikeka ilishatandikwa. Kulikuwa na kiti kimoja, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, cha mgeni rasmi. Rhoda alikalishwa hapo. Aliwahi kuwa na wasiwasi maishani, lakini kukaa kwenye kiti kile kulizidi yote aliyoyapitia.

Filomena alisimama. "Wenzangu, huyu ndiye mkwe wangu. Wapo waliosema ameacha kazi akae nyumbani. Leo mtamwona mwenyewe anavyochangiwa. Shikeni simu." Simu zikainuliwa, nyingine zimefungwa kwa raba, nyingine za wajukuu zenye picha za wachezaji mpira. "Kama kawaida: fungua, shuka mpaka chini, bonyeza. Msisome. Kusoma kunakula bando. Moja..."

"Mama, ngoja!"

Rhoda alikuwa amesimama. Nyuso thelathini zilimgeukia, na ya thelathini na moja, ya Filomena, bado ilikuwa na tabasamu.

"Mama zangu, shikamooni tena. Ninaomba msibonyeze. Sikilizeni. Kuna mtu ana duka mbali huko. Amekubaliana nami: kila mteja ninayempelekea mlangoni, ananilipa. Anadhani mteja anakuja kutazama kanga, labda anunue. Ninyi mmeingia mlangoni kwake mara elfu tatu na mia nne. Mnaingia, mnageuka, mnatoka, kwa ajili yangu. Amelipa kila mara. Sasa amegundua. Ananiita mwizi, na amenipa mpaka Jumatatu."

Ghalani panya alikimbia juu ya mabati na kila mtu alimsikia.

"Kwa hiyo tulikuwa tunaiba?" aliuliza Yusta, yule aliyetuma binti.

"Mlikuwa mnanisaidia. Lakini kwa mwenye duka, ndiyo. Ni wizi."

"Na mimi nimeuandika wote," alisema Shadya polepole, akilitazama daftari, "kwa mwandiko mzuri."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Rhoda hakuthubutu kumtazama mama mkwe wake, kisha akamtazama. Filomena alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, mwanamke mwembamba mwenye simu mkononi, na uso wake ulikuwa umezeeka kwa dakika moja. Rhoda alimwonea huruma kiasi cha kutaka kumfuata na kumpigia magoti, na papo hapo alifurahi kwamba amesema. Mambo yote mawili yalikuwa kweli.

"Jana ulilishika daftari ukasema asante," alisema Filomena.

"Niliogopa, mama."

"Wewe?"

"Mimi."

Filomena alifikiri. "Hiyo barua inataka uwaambie nini?"

"Nani waliobonyeza. Enock anasema niandike wadukuzi."

Akina mama wote wakamgeukia Enock, aliyekuwa amesimama ukutani mwa ghala, naye akaanza kufunga kamba ya kiatu.

"Andika Filomena," alisema mama yake. "Mimi si mdukuzi, wala sijui ni mdudu gani. Nimekosa kwa jina langu, na nitatubu kwa jina langu."

"Na mimi," alisema Shadya. "Katibu hawezi kukimbia."

"Mimi uandike Yusta, na uwaambie juma lile nilikuwa naumwa." Kisha yakaja mengine, kila mmoja akitaka jina lake liandikwe sawasawa, mpaka Rhoda akaomba taratibu kwa kuwa vidole vyake havikumudu. Aliyaandika yote thelathini na moja, akaeleza mchango ni nini kwa watu wa huku, na jinsi asiyefika alivyotozwa kopo la maharage, akapiga picha za kurasa za daftari na kuziambatanisha. Barua ilikwenda saa kumi na nusu.

Wakati wote huo Shadya alikuwa na simu mkononi na bando la mia tano ambalo halikuwa na kazi tena. Mtu wa kuandika hawezi kuacha kusoma. Alipandisha ukurasa kutoka chini, mahali ambapo kidole chake kilikuwa kikishinda kila Alhamisi, akafika juu.

"Mama Yordani," alisema, "hapa pameandikwa maharage, Korogwe, kilo elfu mbili na mia nne. Ni ya lini?"

"Ya leo. Enock aliacha mtu sokoni."

"Lukasi anayepanda kununua hapa anatupa elfu moja na mia tano."

Ilichukua muda kidogo kuwaingia. Halafu wote kwa pamoja wakainamia simu zao. Rhoda aliwaona wakipandisha ukurasa, wengine kwa mara ya kwanza, na hakujua acheke au alie. Wiki kumi na moja walikuwa wameishika bei ile viganjani, na kiongozi wao alikuwa amewakataza kusoma ili wasiharibu bando.

"Tangu Krismasi tumemuuzia mara ngapi?" Yusta aliuliza.

*

Jumamosi Lukasi alipanda na lori lake na mizani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa dalali, na dalali hula mahali pasipo na taarifa kama mbuzi anavyokula mahali pasipo na uzio. Alikuta magunia ya maharage yamepangwa nje ya ghala, na Filomena amekaa juu ya moja.

"Bei ya leo mama zangu ni ileile, moja na nusu. Barabara mbaya."

"Korogwe ni mbili na mia nne," alisema Filomena.

Lukasi alicheka. "Nani kawadanganya?"

Rhoda alikuwa amepanda nyuma ya ghala kutafuta mtandao, anampigia Mustafa. Alitaka bei ya Handeni, lakini kulikuwa na jambo la kutangulia.

"Mustafa, kabla ya bei. Nilikukosea. Nilikutuhumu bila ushahidi, na waliofanya ni ndugu zangu wenyewe. Nisamehe."

"Nimekusikia, dada. Nilimwambia mke wangu utapiga. Yeye alisema hutapiga. Handeni leo ni mbili na mia tano, na mnunuzi ninaye hapa, ana lori lake."

"Rudia hayo kwa sauti," Rhoda alisema. Alipofungua kipaza sauti, kabla hajaanza kushuka, barua ilidondoka juu ya kioo cha simu. Ilikuwa mistari mitatu. Maelezo yako yamekataliwa. Akaunti imefungwa moja kwa moja. Uamuzi huu ni wa mwisho. Hapakuwa na neno lolote kuhusu majina thelathini na moja, wala kuhusu kopo la maharage. Haikuonekana kama kuna mtu aliyesoma.

Aliisoma mara mbili, akateremka na simu ikiongea. Lukasi alimsikiliza Mustafa mpaka mwisho, akazunguka lori lake mara moja, akapiga hesabu ya mafuta na ushuru kwa vidole. Wakavutana saa nzima. Saa sita mchana alikubali elfu mbili na mia moja, hapohapo mlimani, usafiri juu yake, akaanza kupima huku akimtazama Rhoda kama mtu anayemtazama mbwa mpya wa jirani.

Filomena alimvuta mkwe wake pembeni. "Uso wako nimeuona tangu uliposhuka. Wamejibu?"

"Wamefunga, mama. Na pesa za miezi mitatu zimekwenda."

"Barua yenye majina yetu wameisoma?"

"Sidhani."

Filomena alitikisa kichwa, akarudi kwa wenzake. Wakaongea kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, muda mrefu kuliko Rhoda alivyopenda. Alikaa juu ya jiwe. Aliwaza mwenye nyumba Manundu, ada ya muhula ujao, Mustafa ambaye ndiyo kwanza amemsamehe. Ile barua ya ajira ya ualimu aliyoirudisha serikalini miaka miwili iliyopita nayo aliiwaza. Alipoinua macho wote walikuwa wamesimama mbele yake.

"Tumeamua," alisema Filomena. "Kila gunia tutakalouza kwa bei yako, elfu moja ni ya kampuni."

Rhoda alisimama haraka. "Hapana, mama. Mmeshatoa mno. Siwezi kupokea mchango mwingine."

"Nani kataja mchango?" Filomena alimkazia macho. "Mchango tulikupa, ukakutia matatani. Hii ni bei. Wewe una kitu, sisi tunakitaka. Sema inatosha au haitoshi."

Machozi yalimjaa Rhoda, akayafuta kwa ncha ya kanga bila kujificha. Kisha akatazama magunia, akatazama lori, akamtazama mama mkwe wake ambaye Jumatano yeye alishindwa kumwambia neno moja kabla ya chakula.

"Haitoshi," alisema.

Akina mama wakaguna. Enock akajishika kichwa.

"Elfu tatu," alisema Rhoda. "Nimewaongezea elfu sitini kwa gunia."

"Elfu moja na mia tano. Na sisi ndio tuliopanda."

"Elfu mbili na nusu, na kuanzia Jumatatu bei za Mpale nazo zitasomwa Korogwe. Anayezikusanya ni Shadya, kwa posho."

Shadya akaanza kutabasamu, akakumbuka kwamba yuko upande wa wanunuzi, akaacha.

"Elfu mbili," alisema Filomena, akanyoosha mkono. "Hapo hapo. Sipandi tena, hata kama umezaa na mwanangu."

Rhoda aliuacha mkono ule hewani kidogo, kama anavyofanya mfanyabiashara yeyote anayejua mali yake, ndipo akaushika.